DADA, UNAMGUSA NANI?

Somo kwa vijana wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika

SOMA KWANZA: Marko 5:25-34, 1 Samweli 1:1-20, 1 Timotheo 2:5

Rafiki kijana,

Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usiifungie karanga. Labda umeipata Uwanja wa Lake Tanganyika, labda sokoni Mwanga, labda Kibirizi ukisubiri boti ya kwenda vijijini. Huenda hukuja mkutanoni ili uokoke. Ulikuja kusikiliza vyombo, au mshikaji wako alikuvuta mkono. Hakuna tabu. Wewe soma tu.

Somo hili linahusu jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona, yaani magonjwa ya wanawake. Tumbo la hedhi linalomlaza binti chini siku tatu. Damu isiyokata. Mimba zinazotoka. Uvimbe kwenye titi. Ndoa ya miaka mitano bila mtoto, na mawifi wanaanza kusema. Mkojo unaovuja baada ya uzazi mgumu. Swali letu ni moja: mambo haya yakikupata, UNAMLILIA NANI?

Na wewe kaka, usisome ukifikiri haya ni ya akina dada tu. Una mama, una dada, na kesho utakuwa na mke. Tutafika kwako.

1. WATU WA KWETU HUKIMBILIA WAPI?

Ujiji ni mji wa zamani. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta misafara ya biashara ya Waarabu na Waswahili imekwisha kuzoea njia. Hapo hapo Ujiji Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwaka 1879 wakafika wamisionari Wakatoliki, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Halafu reli, halafu meli, halafu watu kutoka Burundi na ng'ambo ya Kongo. Kwa hiyo mambo yote yapo kwetu: dini zote na dawa zote.

Tuseme binti wa miaka 19 anaumwa tumbo la chini mwezi wa nne sasa. Hebu sikiliza ushauri atakaopewa. Shangazi atasema, "Hilo ni chango, kuna bibi anachemsha mizizi." Jirani atasema, "Huyo ana pepo, apelekwe akanywe kombe na kufungwa hirizi." Mwingine atanong'ona, "Amelogwa, nendeni mkapige ramli." Ramli nayo haikosi mchawi! Utaambiwa ni mama mkwe, au mke mwenza, au mzee jirani mwenye macho mekundu. Hapa mkoani kwetu tumewaona kamchape wakipita vijijini wakidai kufichua wachawi, wakaacha nyuma yao ndugu wasiosalimiana. Na tumbo la binti je? Bado linauma.

Kisha yupo bibi mpole mwenye rozari mkononi. Yeye hataki uganga. Atasema, "Mjukuu wangu, yuko mtakatifu msimamizi wa shida hiyo. Mwombe akuombee." Bibi huyu anakupenda kweli. Ndiyo maana tunataka tuyapime maneno yake kwa heshima, bila matusi wala kelele.

2. WATAKATIFU HAO NI AKINA NANI?

Wahubiri wengine huwacheka watakatifu wa Kikatoliki bila hata kuwajua. Sisi hatutafanya hivyo. Hawa ndio wanaotajwa zaidi kwa shida za wanawake:

(a) ANNA. Huaminiwa kuwa mama yake Mariamu, na wanawake wasiopata mtoto humwomba. Sikukuu yake ni tarehe 26 Julai. Lakini fungua Biblia yako yote, jina la mama yake Mariamu halimo. Habari zake zimetoka katika kitabu cha karne ya 2 kilichoitwa kwa jina la Yakobo, ambacho Wakatoliki wenyewe hawakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu.

(b) AGATHA. Binti wa Sicilia, Italia, aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 3. Mapokeo husema watesi wake walimkata matiti kwa kuwa alikataa kumwacha Kristo. Kwa sababu hiyo wenye magonjwa ya matiti humwomba. Sikukuu yake ni tarehe 5 Februari.

(c) RAYMOND NONNATUS. Mtu wa Hispania, karne ya 13. Jina lake la pili maana yake ni "asiyezaliwa", kwa kuwa inasemekana alitolewa tumboni mama yake akiwa amekwisha kufa. Wakunga na wajawazito humtaja.

(d) GERARD MAJELLA. Bruda wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1726 na kufa mwaka 1755. Inasimuliwa kwamba aliacha leso yake katika nyumba moja, na binti wa nyumba hiyo baadaye alipopata uchungu mgumu, akaitaka leso ile, akajifungua salama. Akatangazwa mtakatifu mwaka 1904, na leo wajawazito wengi duniani humwomba.

(e) GIANNA BERETTA MOLLA. Huyu si wa zamani. Alikuwa daktari wa watoto huko Italia. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa nne alikutwa na uvimbe kwenye kizazi. Akakubali upasuaji wa kuondoa uvimbe tu, akakataa njia ambayo ingemuua mtoto. Mtoto alizaliwa salama Aprili 1962, na mama akafa siku chache baadaye. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2004.

Sasa tuseme haki. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba watakatifu hawaabudiwi. Husema, "Tunawaomba watuombee tu, kama unavyomwomba rafiki yako akuombee." Usimsingizie bibi yako kwamba anaabudu sanamu wakati yeye mwenyewe anasema haabudu. Kusema uongo kwa ajili ya Injili bado ni uongo.

Lakini tazama maisha yao hao watu. Agatha aliteswa, wala hakumkana Yesu. Gerard Majella mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 29. Gianna, daktari mzima, alipoumwa kizazi alikwenda kwa daktari mwenzake akapasuliwa, huku akimtumaini Mungu. Kila mmoja alihitaji msaada kama wewe unavyouhitaji. Kila mmoja alikuwa na Bwana mmoja aliyemlilia. Basi kama unawapenda, fuata walikokwenda wao! Mtu akikuonyesha kisima kwa kidole, hunywi kidole.

3. BIBLIA INASEMAJE?

Soma 1 Timotheo 2:5. Paulo anafundisha kwamba Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja tu, naye ni Kristo Yesu. Si wawili. Hakuna mmoja wa matiti, mwingine wa kizazi, na mwingine wa kesi mahakamani. MMOJA.

Soma Waebrania 4:14-16. Tunaye kuhani mkuu anayeujua udhaifu wetu kwa kuwa alijaribiwa kama sisi. Kwa hiyo tumeambiwa tukikaribie kiti cha enzi kwa ujasiri. Sikia hilo neno, ujasiri! Watu wengi huwaendea watakatifu kwa sababu ndani ya moyo wanafikiri, "Yesu ni mkubwa mno, mimi ni mchafu mno, acha nipitie kwa mdogo wake." Rafiki, hapo ndipo penye kosa. Ni kama mtoto aliye nje ya nyumba ya baba yake, mlango uko wazi, taa inawaka, na baba anamwita kwa jina. Yeye anazunguka kwa jirani kutafuta mtu wa kumwombea chakula. Jirani si mtu mbaya. Lakini baba anajisikiaje?

Utasema, "Mbona mchungaji wenu huwaombea watu?" Swali zuri. Ndiyo, Yakobo 5:14-16 inatufundisha kuombeana. Lakini hao ni watu walio hai, wanaokaa nawe, wanaokusikia na kukushika mkono. Hatuoni mahali popote katika Agano Jipya mitume wakimwomba Stefano baada ya kuuawa, wala Yakobo baada ya kukatwa kwa upanga. Na Isaya 8:19 inauliza kwa nini watu waende kwa wafu kwa ajili ya walio hai badala ya kumwuliza Mungu wao.

Na Mariamu mama wa Yesu? Tunamheshimu sana. Hakuna mwanamke aliyepewa neema kama yake. Lakini soma Luka 1:46-47: yeye mwenyewe anamwita Mungu Mwokozi wake. Kisha soma Yohana 2:5, harusini Kana. Aliwaelekeza watumishi kwa mwanawe, wafanye lo lote atakalowaambia. Hilo ndilo agizo lake kwa watu, nasi tunalitii mpaka leo.

4. WANAWAKE WATATU WALIOUMWA

RAHELI (Mwanzo 30). Hakuwa na mtoto. Alimlilia mumewe Yakobo, Yakobo akakasirika, kwani yeye si Mungu. Kisha Raheli akasikia kuna tunguja, mmea ambao watu wa zamani waliuamini kwa uzazi. Akampa Lea zamu yake ya mume ili apewe zile tunguja. Sasa angalia vizuri! Aliyezitoa tunguja, yaani Lea, ndiye aliyepata mimba. Aliyezipokea hakupata. Raheli alizaa baadaye, Mungu alipomkumbuka na kumsikia (mstari wa 22). Dada yangu uliyekwisha kunywa vyungu vitatu vya mizizi, umeliona hilo?

HANA (1 Samweli 1). Naye hakuwa na mtoto, na Penina mke mwenzake alimchokoza mwaka kwa mwaka mpaka hali chakula. Hana alikwenda nyumbani mwa Bwana huko Shilo, akalia, akamimina moyo wake. Midomo ilicheza bila sauti. Kuhani Eli akamdhania amelewa! Umeona? Hata mtu wa dini anaweza asikuelewe. Lakini Mungu alimwelewa. Hakupitia kwa Sara, wala kwa Rebeka, wala kwa Raheli, ingawa wote watatu walikuwa na shida kama yake na walikuwa wamekwisha kulala. Alikwenda moja kwa moja. Akapewa Samweli, na baadaye wana wengine watatu na binti wawili (2:21).

YULE MAMA WA MIAKA KUMI NA MIWILI (Marko 5). Alitokwa damu miaka 12. Hebu hesabu. Kama ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka 20, alikuwa sasa na 32. Kwa sheria ya Walawi 15 kila alipokaa palihesabiwa najisi. Hakuna harusi, hakuna hekalu, hakuna kukumbatiwa. Alitumia mali yake yote kwa matabibu wa siku zile, akazidi kuwa mbaya. Hana pesa, hana nguvu, hana rafiki.

Lakini alisikia habari za Yesu.

Sasa fikiria umati ule. Petro alikuwa hapo hapo! Yakobo alikuwapo. Yohana alikuwapo. Leo makanisa mangapi yana majina yao? Yule mama angeweza kumvuta Petro kanzu na kumwambia, "Baba, niombee kwa Bwana wako." Hakufanya hivyo. Aliwapita mitume wote, akajipenyeza kama mtu anayegombea nafasi kwenye boti Kibirizi, akaligusa vazi la YESU MWENYEWE. Damu ikakauka palepale.

Na Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya na aibu yake. Alisimama. Akauliza. Yule mama akaja akitetemeka, akasema kweli yote mbele za watu. Ndipo Yesu akamwita "Binti". Miaka 12 watu walimwita najisi, leo Mwana wa Mungu anamwita Binti. Haleluya! Hata wewe unayeficha kanga yako kwa aibu, yeye hakuonei kinyaa.

5. JE, KWENDA HOSPITALI NI KUKOSA IMANI?

HAPANA! Tunasema kwa herufi kubwa kwa sababu wapo waliokufa kwa kudanganywa hapa. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Yesu mwenyewe alisema wagonjwa ndio wanaohitaji tabibu (Mathayo 9:12). Paulo alimshauri Timotheo atumie dawa ya tumbo ya siku zile (1 Timotheo 5:23). Mungu anaponya kwa mkono wake, na anaponya kwa mkono wa daktari. Sifa zote ni zake.

Kwetu tunazo hospitali. Maweni ni ya mkoa. Mjini ipo ya Wabaptisti. Kabanga kule Kasulu ni ya jimbo Katoliki, na Heri kule Manyovu ni ya Wasabato. Ukiwa mgonjwa usiulize dhehebu la muuguzi. Mtawa akikusafisha kidonda, mshukuru yeye na mshukuru Mungu.

Nenda hospitali HARAKA ukiona haya:

- Damu ya hedhi inayozidi sana au isiyokata, au damu baada ya kukutana na mume, au damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi.
- Uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi. Usisubiri uume.
- Uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya chini ya tumbo yenye homa.
- Mjamzito mwenye kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, au kuanguka degedege. Hilo si pepo la ziwani! Hicho ni kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto kwa saa chache.
- Uchungu wa kuzaa uliopita usiku mzima na mtoto hajatoka.

Hili la mwisho tulieleze kidogo. Mtoto akikwama njiani muda mrefu, kichwa chake hukandamiza nyama za mama mpaka zinakufa na kutoboka. Tundu hilo ndilo FISTULA, na mkojo au choo huvuja bila kujizuia. Wasichana wadogo wanaozaa nyonga hazijakomaa wapo kwenye hatari kubwa. Dada mwenye fistula hajalogwa, wala hajalaaniwa. Ana tundu, na tundu hushonwa! CCBRT ya Dar es Salaam imewapasua wanawake wengi wa fistula bila malipo. Ulizia Maweni wakuelekeze. Kama unamjua dada anayejifungia ndani kwa sababu hiyo, mpelekee habari hii hata kabla hujamaliza kusoma.

Jambo jingine ni SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI. Karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho HPV, nacho hupita kwa njia ya zinaa. Tangu mwaka 2018 serikali yetu ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Usimzuie mdogo wako asichanjwe kwa maneno ya vijiweni. Na mama wa miaka 30 na kuendelea akapimwe. Muuguzi hupaka siki tu mlango wa kizazi, akaona mabadiliko mapema kabla hayajawa saratani. Ni dakika chache.

Na wewe unayetumia dawa za UKIMWI, za presha au za kisukari: ukiombewa, USIACHE DAWA. Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wapimaji wa siku zile (Luka 17:14). Uponyaji wa Mungu hauogopi kipimo.

6. USIBADILISHE MEDALI KWA CHUPA

Tusiwanyoshee Wakatoliki kidole tukasahau nyumba yetu. Wapo vijana walioitupa medali ya Mtakatifu Gerard, halafu wakanunua chupa ya "mafuta ya upako" wakailalia kitandani. Tofauti iko wapi? Yule alitumaini chuma, huyu ametumaini chupa.

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Wapo waliofia kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa injili, wakikimbilia kukanyaga mafuta. Ni uchungu kuandika haya, lakini ni kweli, na kweli ndiyo itakayotuweka huru.

Mtumishi akikuuzia uponyaji, mkimbie. Soma Matendo 8:18-20 uone Petro alimjibu nini Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha. Yule mama wa Marko 5 alifika kwa Yesu akiwa amefilisika, wala hakuulizwa sadaka.

7. KAKA, SASA NI ZAMU YAKO

Wewe mvuvi wa dagaa, wewe kijana wa gereji, wewe mwanafunzi, sikiliza. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi ikiwa nchi kavu, pesa ya usiku wa giza huliwa wapi? Unamchukua binti wa watu, unampa gono bila yeye kujua, halafu unapanda boti kwenda kambi nyingine. Miaka kumi baadaye binti yule hapati mtoto, kwa sababu ugonjwa ule uliziba mirija. Anazungushwa kwa waganga, anaitwa mgumba, anaachwa. Aliyemroga ni nani? NI WEWE.

Na wewe uliyeoa, mkikosa mtoto usimpeleke mkeo peke yake kupimwa. Tatizo huwa kwa mwanaume pia, mara nyingi tu. Isaka alipoona Rebeka hazai hakumtukana, hakuleta mke wa pili. ALIMWOMBEA, na Mungu akasikia (Mwanzo 25:21). Huyo ndiye mwanaume.

8. NIKIOMBA NISIPONE JE?

Hatutakudanganya. Tunaamini Yesu anaponya leo, na katika mikutano hii tunawaombea wagonjwa kwa sababu Neno limeagiza. Lakini si kila aliyeombewa huinuka siku hiyo. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa kwamba neema inamtosha (2 Wakorintho 12:7-9). Basi mtu asikuambie, "Hujapona kwa sababu una dhambi ya siri." Wanafunzi walimwuliza Yesu swali la namna hiyo juu ya kipofu, akawakatalia (Yohana 9:1-3). Endelea kuomba. Endelea na matibabu. Binti wa Mungu asiye na mtoto bado ni binti wa Mungu kamili.

9. UGONJWA ULIO MKUBWA KULIKO YOTE

Unaijua meli ya Liemba, ambayo bibi na babu zetu walisafiria. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, isichukuliwe na adui. Ikalala chini ya maji. Meli haiwezi kujiinua. Unaweza kuipigia kelele toka ufukweni, unaweza kuifungia hirizi, haitoki. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kubeba watu.

Ndivyo alivyo mwanadamu. Dhambi imetuzamisha. Pombe, zinaa, wizi, chuki, ramli, hayo ni matope tu yaliyoingia ndani ya meli iliyokwisha kuzama. Huwezi kujiinua. Watakatifu hawawezi kukuinua, kwani nao waliinuliwa. Yesu alishuka mpaka chini tulipo, akafa msalabani, akafufuka siku ya tatu, na anakuinua LEO ukimwamini. Kupona tumbo ni kuzuri, lakini mwili huo huo utakufa siku moja. Kuokoka ni uzima wa milele.

Unaweza kuomba hapo hapo ulipo, hata kwa kunong'ona:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimetafuta msaada kila mahali, na leo nakuja kwako mwenyewe. Nakuamini kwamba ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Nakataa ramli, hirizi na kila tumaini la uongo. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Uguse na mwili wangu mahali unapouma, na unipe ujasiri wa kwenda kutibiwa. Asante kwa kunipokea. Amina.

UKISHA KUOMBA HIVYO, FANYA HAYA:

1. Mwambie mtu mmoja leo kwamba umempokea Yesu.
2. Soma Injili ya Marko, sura moja kila siku. Zipo 16 tu.
3. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu na kulifundisha Neno, lisilouza maombi.
4. Hirizi na vitu vya mganga viteketeze (Matendo 19:19). Rozari ya bibi usimnyang'anye wala kumkejeli. Mpende, muombee, na umsomee Marko 5.
5. Kama una dalili moja kati ya zile za sehemu ya 5, kesho asubuhi uwe kwenye foleni ya hospitali.

MASWALI YA KUJIPIMA

- Ulipoumwa mara ya mwisho, jina la kwanza kutoka kinywani mwako lilikuwa la nani?
- Kwa nini yule mama wa Marko 5 hakumgusa Petro?
- Kati ya Lea na Raheli, nani alipata mimba baada ya habari ya tunguja, nasi tunajifunza nini?
- Yuko mwanamke gani katika nyumba yenu anayeumwa na kunyamaza? Utamwambia nini leo jioni?

Mpe mwenzako karatasi hii ukimaliza kuisoma. Yesu anakupenda. Njoo kwake mwenyewe.